Kabla ya kuomba mashine, tujue sufuria



Mwezi wa tomati mingi unajulikana bila kalenda. Asubuhi kasha iko na bei yake. Saa sita bei imeshuka nusu. Saa tisa mwenye kuuza anatafuta tu mtu wa kumsaidia kubeba. Barabara ikikatika kwa mvua, ao ikifungwa kwa sababu zile tunazozijua wote, tomati zinabaki shambani, zinapasuka, mbuzi wanakula. Kiisha miezi mitatu inapita, na mama yule yule aliyemwaga makasha yake anaingia dukani kununua tomati ya kopo, kikopo cha vidole viwili kilichotoka Uchina ao Italia.

Katika mkutano mmoja wa koperative, mama mmoja alisimama akatuuliza: «Agronomu, mulituambia tulime tomati, tukalima. Mukatuambia tupige dawa, tukapiga. Sasa mutuambie, tuzipeleke wapi?» Watu walicheka. Sisi hatukucheka, juu alikuwa na haki. Kwenye masomo tulifundishwa kitalu, umbali wa mistari, mbolea na magonjwa. Tuliwafundisha ninyi vile vile. Tukafikisha tomati mpaka kwenye mlango wa shamba, tukaziacha pale.

Tangu siku ile, kila tunapouliza koperative inataka nini, jibu ni moja: «Tunaomba usine.» Leo tunataka kusema wazi, hata kama haitapendeza wote, kwamba hilo jibu limekuja mapema. Tumeona mashine ya kusaga tomati iliyoletwa kwa heshima kubwa, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa. Leo imefunikwa na turubai. Mafuta ya jenereta hayakupatikana, kipande kimoja kilivunjika, na hakuna mtu hata mmoja kwenye koperative ile aliyekuwa amewahi kuweka tomati kwenye chupa kwa mikono yake. Mashine inafanya haraka kazi ambayo mtu tayari anaijua. Haiwezi kumfundisha kazi asiyoijua.

Ndiyo maana tunapenda tuwapeleke kidogo Italia. Si kwenye usine zao, ni kwenye nyua za nyumba.

Kule kusini ya Italia, upande wa Napoli na Puglia na Sicilia, mwezi wa nane ni mwezi wa tomati mingi, sawa na miezi yetu ile. Bei inaanguka nao pia. Siku moja ya mwezi huo jamaa nzima inakusanyika: bibi, wajomba, mashangazi, watoto, mara nyingi na majirani. Wananunua ao wanavuna makasha mengi kwa mara moja. Watoto wanaosha. Wamama wanakata na kutoa sehemu mbovu. Wanachemsha kidogo mpaka tomati zilegee, kiisha wanazipitisha kwenye kichujio cha kuzungushwa kwa mkono. Maganda na mbegu zinabaki upande mmoja, maji mazito mekundu yanatoka upande mwingine. Hayo wanayaita passata. Wanajaza chupa, na kwa desturi ya zamani zilikuwa hata chupa za bia zilizooshwa. Wanatia jani moja la rehani ndani, wanafunga kifuniko kipya. Chupa zinapangwa ndani ya pipa la chuma, na vitambaa kati yao zisigongane. Maji yanafunika yote, moto wa kuni unawashwa chini. Zinachemka, kiisha zinaachwa zipoe ndani ya maji yale yale mpaka kesho yake.

Ni hayo tu. Pipa, kuni, vitambaa, chupa, mikono. Mwaka mzima nyumba ile inakula makaroni na sosi ya tomati za mwezi wa nane.

Tunajua tayari kuna mtu anayesema: «Hicho ni chakula cha wazungu.» Basi tumpe historia. Tomati haikuzaliwa Italia. Ilitoka Amerika, ikafika Ulaya miaka ya 1500, sawa vile mihogo na mahindi yalivyotoka Amerika yakafika kwetu. Waitalia walikaa miaka mingi wakiiogopa. Mpishi mmoja wa Napoli, Antonio Latini, alichapisha namna ya kupika sosi ya tomati mwisho wa miaka ya 1600, na yeye mwenyewe aliiita sosi ya Kihispania, kitu cha wageni. Namna ya kutia tomati kwenye makaroni inaonekana katika kitabu cha upishi cha Ippolito Cavalcanti, kilichotoka Napoli mwaka 1839. Kwa hiyo sosi ambayo dunia yote inaita ya Kiitalia ni kitu kilichochukuliwa kwa wengine, kikazoeleka, kikawa cha kwao. Nani leo anaambia mama wa Kivu kwamba sombe si chakula cha kwetu kwa sababu muhogo ulivuka bahari? Kitu kinakuwa cha kwako ukijua kukitengeneza.

Tena kuna jambo moja linalotuunganisha na watu wale. Tomati yao yenye jina kubwa kuliko zote, San Marzano, inalimwa karibu na mlima wa moto wa Vesuvio. Tangu mwaka 1996 jina la San Marzano ya eneo lile linalindwa na sheria ya Ulaya. Udongo wa volkano wanausifu kwa watalii, wanauandika kwenye kopo. Sisi wa upande wa Nyiragongo na Nyamulagira tuko na udongo wa namna hiyo, na tunatupa kinachotoka ndani yake.

Wengine watauliza: juu ya nini tusitengeneze mara moja konsantre nzito, ile ya kopo, kwani ndiyo inayouzwa? Tuhesabu pamoja. Tomati mbichi ni maji karibu sehemu 95 juu ya mia. Konsantre ambayo Waitalia wanaita ya mara mbili inapaswa kuwa na vitu vikavu sehemu 28 juu ya mia. Ili kupata kilo moja ya konsantre hiyo, unahitaji karibu kilo 6 za tomati, na zaidi ya lita 4 za maji zinapaswa kuondoka kama mvuke. Kwenye usine zinaondoka kwa mashine zinazopunguza nguvu ya hewa, moto kidogo. Kwenu zitaondoka kwa makala. Angalieni bei ya mfuko wa makala, angalieni pia milima yetu ilivyobaki bila miti, kiisha museme kama kazi hiyo iko na faida.

Passata haiombi hivyo. Unaiacha na sehemu kubwa ya maji yake. Kilo 2 na nusu mpaka 3 za tomati zinatoa lita moja, kufuatana na uzito unaoutaka. Kasha ya kilo 30 inaweza kutoa lita 10 ao 12. Moto mmoja unahudumia pipa nzima. Wasicilia, wao, wakitaka nzito kabisa, wanaitandaza na chumvi juu ya mbao, wanaiachia jua la kiangazi liikaushe siku kadhaa. Kwenye bonde la Ruzizi, mwezi wa saba, jua hilo liko pia. Ila tuanze na chupa kwanza.

Sasa tuseme kuhusu shamba, juu sosi mbaya inaanza huko.

Jambo la kwanza ni mbegu. Tomati kubwa ya mviringo, yenye vyumba vingi na maji mingi, ni nzuri kwa kukata na chumvi. Kwa sosi tunataka ile ndefu kama yai, nyama nyingi, mbegu kidogo: Roma na jamaa yake. Inatoa passata nzito na inakula kuni kidogo. Tena ichumwe ikiwa nyekundu kabisa. Kwa soko la mbali mumezoea kuchuma ingali na rangi ya kijani. Kwa chupa hapana.

Jambo la pili linatuuma zaidi, juu ni sisi tuliowafundisha pompi. Wengi wanapiga dawa ya ukungu mpaka jana ya soko, tomati inafika na unga mweupe ao wa njano juu ya ganda, na mnunuzi anadhani ni dalili ya uzuri. Dawa inayotumiwa mingi kwetu ni ile ya mankozebu. Kuipika hakuiondoi: moto unaigeuza kuwa kitu kingine, chenye ubaya kuliko cha kwanza. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoipa tena ruhusa. Kwa hiyo someni siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti, mungoje zote, kiisha muoshe kwa maji mingi. Tomati iliyopigwa dawa juzi isiingie kwenye sufuria ya koperative, hata mwenyewe akikasirika. Afadhali hasira ya mtu mmoja kuliko ugonjwa wa wote.

Jambo la tatu ni chombo. Sufuria zile zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma vya zamani hazifai kwa kupika tomati masaa mengi. Asidi ya tomati inakula chuma, na hatujui chuma hicho kilikuwa nini mbele. Tumieni inoksi ao emaye isiyopasuka.

Tufike kwenye chupa. Hapa tunaomba musome polepole, juu ndipo mtu anaweza kuua nyumba yake bila kujua.

Kuna mdudu wa udongoni anayependa fasi bila hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Anatoa sumu ya botulizimu. Sumu hiyo mara nyingi haina harufu wala ladha. Mtu anaanza kuona vitu viwili viwili, anashindwa kumeza, kiisha kupumua. Mdudu huyo hawezi kukua kwenye uchachu wa kutosha. Tomati iko na uchachu, lakini iko karibu sana na mpaka, na mbegu zingine zinavuka mpaka huo upande mbaya. Kwa hiyo katika kila lita tieni nusu kijiko cha chai cha asidi ya limau, ule unga mweupe unaouzwa mjini, ao vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu yaliyotengenezwa usine. Ndimu ya kwenye mti hatuipendekezi kwa kazi hii, juu moja ni kali na nyingine si kali, na chupa haisamehe.

Musitie kitunguu, kitunguu saumu, mafuta wala nyama ndani ya chupa za kuweka. Vitu hivyo vinapunguza uchachu na vinabadilisha hesabu yote. Vitaingia siku ya kupika. Jani la rehani moja linatosha.

Sasa tufike kwenye neno ambalo vitabu vya Italia havisemi kwa ajili yetu. Napoli iko kando ya bahari. Maji yanachemka kwa digri 100. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1500 juu ya bahari; kwetu maji yanachemka kwa digri 95 hivi. Munaona sufuria inatokota, lakini joto halijafika fasi moja. Ni sawa na maharagi ya mlimani yanayokawia kuiva. Kwa hiyo tunaongeza wakati. Mutie passata ikiwa moto, muache nafasi ya kidole kimoja juu. Muhesabu dakika tangu maji ya pipa yanapoanza kuchemka kweli. Kwa watu wa Uvira na kando ya Tanganyika: dakika 40 kwa chupa ya nusu lita, 45 kwa lita. Kwa watu wa Bukavu, Goma, Butembo na fasi zingine mpaka metre 1800: dakika 45 kwa nusu lita, 50 kwa lita. Juu zaidi: 50 na 55. Moto ukizimika katikati, munaanza hesabu upya. Mtu mmoja akae na saa, asipewe kazi nyingine.

Chupa zenye mdomo mpana na kifuniko cha kubana ndizo nzuri zaidi. Kifuniko kiwe kipya kila mara. Chupa ikivimba, ikivuja, ao ikitoa povu ukiifungua, usionje. Itupe mbali, watoto na kuku wasifikie.

Na sosi yenyewe? Tusiwaache na chupa tu. Kwa makaroni nusu kilo, chukueni passata karibu nusu lita. Pasheni moto vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Waitalia wanatumia ya zeituni. Ya alizeti inafanya kazi. Tieni vipande viwili vya kitunguu saumu vilivyopondwa, visiungue. Mwageni passata, tieni chumvi, muache ichemke polepole dakika 15 mpaka 20 bila kufunika, mafuta yaanze kuonekana pembeni. Majani ya rehani mwishoni. Bila viungo vile vya dukani, bila sukari: tomati iliyoiva iko na sukari yake. Makaroni ichemshwe kwa maji mingi yenye chumvi, itolewe dakika moja kabla haijaiva kabisa, imalizie kuiva ndani ya sosi na kikombe kidogo cha maji yake. Waitalia wanachukia makaroni iliyolegea, na sosi inayomwagwa juu tu kama mvua juu ya mabati. Ukitaka mawese, tia mawese. Itakuwa tamu, ila jina la Italia utaliondoa.

Hayo ndiyo mambo ya sufuria. Maoni yetu sasa tunayasema kwa ufupi.

Koperative ijaribu pipa moja, msimu mmoja, mbele ya kuandika barua yoyote ya kuomba mashine. Makasha yatoke kwa wanamemba wote, sawa kwa sawa, na chupa zirudi kwa wanamemba sawa kwa sawa. Zisiuzwe mwaka wa kwanza. Zikae kwenye nyumba zetu, tuzihesabu: ngapi ziliharibika, ngapi zilifika mwezi ambao tomati ni ghali, makala kiasi gani, masaa ya kazi kiasi gani ya wamama. Neno hili la mwisho tunalikazia. Tukitengeneza kazi mpya ya kuongezea wamama juu ya maji, kuni na watoto, wakati wababa wanakaa chini ya mti wakingoja kuonja, tutakuwa hatukufanya kitu. Kule Italia hata wajomba wanazungusha kichujio.

Mwaka wa pili, kama hesabu iko nzuri, tuzungumze juu ya kuuza, na hapo OCC lazima ipime na itoe ruhusa. Chupa ya koperative isiyopimwa haiwezi kuuzwa kwa mtoto wa mwingine. Mwaka wa tatu labda tuzungumze mashine, na siku hiyo ninyi mutajua kumwambia anayeileta: hii inatufaa, hii hapana.

Wako wanaodhani hiyo ni njia ya masikini. Hapana. Jina Cirio, ambalo wengine wenu wameliona kwenye makopo, lilianza mwaka 1856 kwa mtu mmoja wa Torino aliyetia njegere ndani ya makopo. Tangu mwaka 2004 jina hilo ni mali ya Conserve Italia, umoja wa koperative za wakulima. Wakulima wa kule walifika kushika usine kwa mikono yao, lakini mikono hiyo ilikuwa inajua tomati tangu kwenye ua wa bibi.

Kwa mama yule aliyetuuliza tuzipeleke wapi, jibu letu limechelewa misimu mingi, na tunaomba atusamehe. Kasha za kwanza apeleke nyumbani kwake. Sisi tutakuja na saa, tutashika dakika, na tutaosha chupa kama wengine wote.